Majani Makubwa Chini ya Mchikichi: Mwongozo kwa Mwenye Ua Minago

Ndugu zetu walioko Brussels na Montréal hupenda kututumia picha za bustani zao. Katika picha hizo kuna mmea mmoja ambao watu wa huku huuulizia sana: majani mapana kama sinia, ya kijani kilichofunikwa na buluu, yamejikusanya kivulini kando ya ukuta. Jina lake ni hosta. Anayeiona picha huuliza papo hapo miche inapatikana wapi, na kama itakubali Minago.

Haitakubali. Asili ya hosta ni Japani, Korea na China, nayo imezoea mwaka wenye majira ya baridi kali. Baridi ikija majani hunyauka yote, hubaki mizizi tu ardhini, na mizizi hiyo inahitaji wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi 5 au chini yake ndipo ichipue upya kwa nguvu. Minago ipo Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, na tambarare hii ya Imbo ina joto la wastani wa nyuzi 24 hivi mwaka mzima. Hata usiku wa Julai, wavuvi wanapojifunga makoti, hatukaribii nyuzi 5. Hosta iliyoletwa kwenye sanduku la mgeni itachipua mara moja kwa akiba iliyokuja nayo, itachipua tena kwa unyonge, kisha itafifia mpaka ife. Pesa yako iache mfukoni.

Mmea wa kazi hiyo tunao. Ni gimbi, lile ambalo jirani yako wa Kirundi analiita iteke, linaloota lenyewe kwenye mfereji nyuma ya jiko. Shida ni kwamba tumelijua kwa sufuria tu, hatujawahi kulipa nafasi ya heshima mbele ya nyumba. Likilishwa vizuri na kuwekwa kwenye kivuli kinachofaa, jani lake moja huzidi nusu mita kwa urefu na kikonyo chake hufika kifuani mwa mtu mzima. Buluu nayo linayo, na chanzo chake ni kile kile cha buluu ya hosta.

Buluu inatoka wapi

Chukua jani changa la gimbi asubuhi, ulisugue kwa kidole gumba mara moja. Pale ulipopasugua patabaki kijani cha kawaida. Ulichoondoa ni nta, tabaka jembamba la unga mweupe ambalo mmea hujipaka wenyewe juu ya ngozi ya jani. Mwanga ukiipiga nta hiyo hutawanyika, na jicho letu linaona buluu juu ya kijani. Nta hiyo, pamoja na vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ndiyo inayofanya tone la maji lizunguke juu ya jani la gimbi bila kulilowesha.

Nimeanza na hili kwa sababu karibu kila shauri linalofuata linatokana nalo. Jani hujipaka nta nyingi likiwa changa. Likishakomaa na kusuguliwa, nta hairudi. Jua kali linaipunguza, matone mazito ya mvua yanaipunguza, vumbi linaificha, na mikono ya watoto inaimaliza. Anayetaka kijani cha buluu, basi, kazi yake kubwa ni kulinda nta.

Kuna adui mmoja wa nta ambaye wengi humwita rafiki. Wakiona vidukari, watu hukimbilia kunyunyiza maji ya sabuni, hasa sabuni ile ya mawese inayotengenezwa huku kwetu. Kwenye mchicha haina neno. Kwenye jani la buluu, sabuni huyeyusha nta na kuacha mabaka ya kijani kilichopauka mpaka jani lile life. Dawa za kienyeji zenye mafuta hufanya vivyo hivyo. Ondoa vidukari kwa vidole, au geuza jani uwarushie maji matupu upande wa chini, ambako ndiko wanakokaa.

Chagua ukoo wa gimbi

Huku ziwani kuna magimbi ya koo mbili, nayo yanahitaji mahali tofauti, kwa hiyo yatofautishe kabla ya kushika jembe. La kwanza ni gimbi la zamani, Colocasia, lililotoka Asia karne nyingi zilizopita. Kikonyo chake hakishiki jani kwenye ukingo. Kinaingia kwa ndani kidogo, chini ya bapa la jani. Hili linavumilia maji yaliyotuama na hata tope. La pili ni Xanthosoma, lililotoka Amerika ya kitropiki. Kikonyo chake kinashika jani palepale mpasuko unapoishia, ukingoni. Linapenda unyevu, ila halitaki miguu yake ikae majini: mizizi huoza, majani yanageuka manjano na mmea unalegea hata siku ya mvua.

Kwa rangi, ushindi ni wa Xanthosoma yenye vikonyo vya zambarau. Vikonyo vyake vichanga huwa vimepakwa unga wa buluu hasa, na mishipa ya jani upande wa chini hubeba zambarau hiyo. Colocasia ina kijani chenye giza na ulaini wa mahameli. Buluu yake ni ya kiasi, huonekana vizuri asubuhi na jioni. Mimi ningeweka zote mbili, kila moja pahali pake, na ningejizuia nisichanganye aina nyingi kwenye tuta moja. Mashina matano ya aina moja yaliyokaa pamoja yanapendeza kuliko aina tano zinazogombana. Na tafadhali, ule mtindo wa kuzungushia kila shina mawe yaliyopakwa chokaa tuwaachie wenye vituo vya mafuta.

Utaona pia sikio la tembo, Alocasia, linalouzwa kama pambo. Ncha za majani yake zimeelekea juu, wakati za magimbi huning'inia. Ni zuri, lakini lisikaribie sufuria.

Kutafuta kivuli chenyewe

Vitabu vya bustani vya Ulaya vinamwambia msomaji apande upande wa kaskazini wa nyumba, kwa kuwa huko jua haliji. Ushauri huo ukiufuata Minago utaunguza mimea. Sisi tuko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena karibu tarehe 10 Machi. Kati ya Oktoba na Machi linaegemea kusini. Kuanzia hapo linaegemea kaskazini, na Juni linakuwa limekwenda mbali kabisa. Maana yake ni kwamba ukuta wa kusini wa nyumba yako una kivuli katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, yaani wakati ule ule ambao maji ni ya shida. Desemba jua linarudi upande huo, lakini Desemba kuna mawingu, kuna mvua, na gimbi lenye maji ya kutosha hustahimili jua la saa chache.

Sasa tazama mashariki na magharibi. Mashariki tuna vilima vya Mumirwa, vinavyolichelewesha jua la asubuhi. Magharibi kuna ziwa tupu mpaka milima ya Congo. Kuanzia saa nane mchana jua linakupiga kutoka juu, na mng'ao wa maji unakupiga kutoka chini. Tuta lililoelekezwa ziwani, hata likiwa chini ya mti, linaungua kingo za majani kila alasiri. Kwa hiyo pembe bora ya ua wa Minago ni ile ya kusini-mashariki mwa nyumba, upande wa vilima.

Pembe hiyo ina kasoro moja, na wavuvi wanaijua kuliko wakulima. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, mkavu, na jani pana ni tanga. Linapasuka, linagongana na jirani yake, nta inasuguliwa. Weka kizuizi kabla ya kupanda chochote: safu ya migomba, au mabingobingo, mita mbili au tatu kutoka kwenye tuta. Ukuta wa matofali si mzuri, upepo huuruka na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Majani ya mgomba huuchuja.

Kama huna ukuta wa kutumia, utategemea miti. Mchikichi, ambao Rumonge yetu nzima inautegemea, hutoa kivuli cha kupepesuka: mwanga unaingia vipande vipande na kuhama siku nzima. Ndicho kivuli ambacho gimbi linakipenda. Mwembe hutoa kivuli kizito mno katikati. Panda kwenye ukingo wa matawi yake, usipande shinani. Tena mwembe wenye wadudu wa kufyonza hudondosha utomvu wa sukari, na juu ya utomvu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Majani yaliyo chini yake hayatakuwa na buluu wala kijani. Ukitaka kupima kivuli, simama hapo saa sita mchana na unyooshe mkono. Ukiona kivuli cha mkono wako chenye kingo zilizochujuka, panafaa. Kingo kali ni jua jingi. Usipokiona kabisa kivuli cha mkono, gimbi litarefuka na kuinama likitafuta mwanga, na majani yatakuwa madogo.

Aliye na nafasi apite msitu wa Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge kwa njia ya Nyanza-Lac, atazame namna mimea ya chini inavyojipanga pale ambapo mwanga umeshuka. Saa moja pale inafundisha mengi kuhusu kivuli.

Ziwa na maji yake

Wenye viwanja vya chini wanakumbuka ziwa lilivyopanda mwaka 2021, na lilivyorudi kwa nguvu 2024. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Congo, kwa hiyo likijaa halishuki haraka. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 nayo imeweka ukanda wa ulinzi wa mita 150 kutoka ziwani. Bustani ya kudumu ikae nje ya ukanda huo. Pale ambapo maji hufika mara kwa mara na kuondoka, Colocasia ndiyo itakayobaki hai, Xanthosoma usiithubutu.

Maji ya ziwa yanafaa kwa kuoga na kuvua, kwa kumwagilia majani haya si chaguo la kwanza. Yana chumvichumvi nyingi za madini na ni ya alkali, karibu kipimo cha 9. Yakikauka juu ya jani huacha madoa meupe, na yakitumiwa mfululizo kwenye udongo wa kichanga, majani machanga huanza kupauka katikati ya mishipa kwa kukosa madini ya chuma. Ukiwa na kijito cha kutoka vilimani, tumia hicho. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni bora zaidi. Huna maji mengine ila ya ziwa? Basi mwagilia shinani tu, kamwe usimwage juu, na ongeza mboji mara mbili ya kawaida.

Udongo na kupanda

Udongo wa karibu na ufuko ni mchanga: unapitisha maji na mbolea kwa pamoja. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande. Chini yake laza vipande vya shina la mgomba lililokwisha kukatwa, vilivyopasuliwa kwa urefu. Vitashika maji kwa miezi kisha vioze na kuwa mbolea. Juu yake jaza udongo uliochanganywa na nusu debe la samadi iliyokaa. Tangu sheria ya 2018 iliyoamuru mifugo ifugwe zizini, samadi imekuwa rahisi kukusanya, kwa hiyo kisingizio hakipo.

Chini ya mchikichi kuna jambo la kuangalia. Mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, imefumana, na inakunywa kabla ya wengine. Kaa mita moja na nusu au mbili kutoka shinani. Mchikichi wenyewe hulipa fidia: mikungu mitupu iliyobaki baada ya kukonyoa ngazi, yaani matunda yake, ina potasiamu nyingi, na magimbi yanaipenda potasiamu. Ilaze juu ya udongo kuzunguka mimea, itoe chakula taratibu huku ikizuia jua. Makapi ya kukamua mawese pia yanafaa, ila yasiwe mabichi. Yaache nje mvua iyapige kwanza, maana mafuta yaliyomo hukataa maji.

Mabaki ya ndagala na matumbo ya samaki ni mbolea kali ya kukuza majani. Yazike chini kabisa ya shimo, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, na uyafunike kwa udongo wa kutosha. Ukifanya haraka, mbwa wa mtaa mzima watakufukulia kazi usiku mmoja.

Mbegu ya gimbi ni kichwa chake: kipande cha juu cha kiazi kikiwa na vikonyo vilivyokatwa, vikabaki sentimita 15 hadi 20. Machipukizi ya pembeni pia yanakubali, lakini huchelewa kutoa jani kubwa. Omba mbegu kwa mtu ambaye umeyaona majani yake. Ukikuta michirizi iliyopauka, mfano wa unyoya, ikifuata mishipa, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa virusi unaohamia kwenye mbegu. Shukuru na uondoke mikono mitupu. Panda mvua zikianza, mwishoni mwa Septemba au Oktoba, mita moja kati ya shina na shina. Wapandao kwa chakula hubana zaidi, lakini wewe unataka jani lijitandaze bila kugusa jirani.

Matunzo

Siri ya jani kubwa ni kung'oa machipukizi. Shina likiachwa na watoto wake linagawa chakula, na utapata kichaka cha majani ya wastani. Ondoa machipukizi yakiwa kimo cha kiganja, acha mama peke yake, na kila jani jipya litapita la kabla yake. Usikate majani mazima kwa mboga kwenye mimea ya mapambo. Weka shina moja au mawili nyuma ya nyumba kwa ajili hiyo. Jani lililochakaa kata karibu na shina.

Kiangazi mwagilia ndoo moja kwa shina kila baada ya siku mbili au tatu, asubuhi. Hata hivyo majani yatapungua ukubwa. Usishtuke wala usiongeze mbolea. Mmea unajibana, na mvua ya kwanza itauamsha.

Asubuhi kagua upande wa chini wa majani. Viwavi wanene wenye pembe mkiani ni watoto wa nondo anayeruka jioni, na wawili wanatosha kumaliza jani kwa siku chache. Waokote. Konokono nao waokote usiku kwa tochi. Madoa ya kahawia yaliyolowa, yanayopanuka kwa miviringo wakati wa mvua nyingi, ni ya kuogopa zaidi: ukungu wa aina hiyo uliangamiza mashamba ya magimbi ya Samoa mwaka 1993, na Cameroon mwaka 2010. Kata jani hilo siku hiyo hiyo, lizike mbali, na upanue nafasi kati ya mimea hewa ipite.

Usipande chini ya dirisha la chumba cha kulala. Makwapa ya majani ya magimbi na migomba hushika maji, na mbu wa jamii ya Aedes huzaa humo. Si hao wanaoleta malaria, lakini wanauma mchana na hawana la kujivunia.

Utomvu wa magimbi una fuwele kali zinazowasha. Vaa glavu au jipake mafuta mikononi kabla ya kukata. Kiazi na majani ya Colocasia yapikwe mpaka yalainike kabisa. Mbichi, hata kipande kidogo, kinachoma koo. Watoto waambiwe mapema.

Kwa aliye Ubelgiji au Kanada

Kwako hosta ni halali. Tafuta 'Elegans', ambayo Georg Arends aliitoa Ujerumani mwaka 1905 na bado ni kipimo cha hosta za buluu, au 'Halcyon' ya Mwingereza Eric Smith kama nafasi ni ndogo, au 'Empress Wu' ukitaka majani ya kushangaza wageni. Ipe kivuli cha mchana, maji mengi, na miaka mitano ya subira kabla ya kuilaumu. Konokono ndio adui mkuu. Anza kuwaokota chipukizi zinapotokeza. Na iliyo kwenye chungu usiiingize ndani majira ya baridi kwa huruma: baridi hiyo ndiyo inayoiamsha mwaka unaofuata. Kisha tuma picha, nasi tutakutumia zetu.

Kama mwaka huu una nafasi ya shina moja tu, liwe gimbi la vikonyo vya zambarau, pembe ya kusini-mashariki, kwenye tuta lililoinuliwa kidogo ili maji yasituame. Nenda ukaombe mbegu sasa, kabla jirani hajaipika.